Nilimpa Mchawi Sauti ya Shangazi

Kosa ni langu. Msinitafutie udhuru, nimeshautafuta mwenyewe sikuupata.

Mie ndiye niliyebuni ule mchezo wa mezani wa kadi na dadu, wa kisiwa cha majini, watoto wa wafalme na mchawi anayekula vichanga. Tulianza kuucheza wenyewe kwa wenyewe hapa Wete, ukafika Chake, ukavuka bahari. Siku moja kampuni ya michezo ya simu ikaniandikia: wanataka leseni waufanye gemu, na likipendwa, zifuate katuni na fulana. Wallahi nilisujudu!

Wakataka sauti ya mchawi. Niliyokuwa nayo kwenye simu ni ya shangazi yangu, Bi Mize. Kazi yake kukanda wazazi waliotoka kujifungua na kuogesha vichanga. Mtaa wetu mzima wa Jadida umepita mikononi mwake. Akiingia nyumba yenye mzazi, kabla hata ya salamu, husema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Nipeni huyo nimpakate." Niliwahi kumrekodi kwa sababu ilinichekesha.

Nikawapelekea. Wakaipenda mno. Wakaleta karatasi wakauliza kama mwenye sauti ameridhia, nikajibu ndiyo, nikatia saini. Na shangazi yuko nyumba ya tatu tu kutoka kwangu, yakhe! Kumuuliza ilikuwa kuvaa ndara tu.

Gemu likatoka. Mchawi akikukamata anasema maneno yale yale, kioo kinaingia kiza, umekwisha. Watoto wa mtaani waliijua sauti siku ya kwanza. Wakimwona shangazi wakawa wanakimbia wakicheka. Baadaye wakawa wanakimbia hawacheki.

Na mnajua hapa kwetu neno mchawi si la mzaha. Mtu akishapakwa, hatakati.

Jirani yangu alipojifungua, shangazi alikwenda na mafuta yake ya nazi kama kawaida. Nilikuwapo. Akanyoosha mikono. Yule mzazi akamvuta mtoto kifuani, akasema, "Kalala, Bi Mize." Mtoto alikuwa macho, anatutazama sote. Ilikuwa niseme pale pale kwamba ni mie niliyeitoa ile sauti. Nikaendelea kunywa uji.

Hakuitwa tena. Niliiandikia kampuni waitoe ile sauti, wakanijibu kwa adabu kwamba nilishatia saini kuwa mwenyewe ameridhia. Ndipo nikaenda kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Na siku ile niliyoambiwa kalala, ulikuwapo, mwanangu?"

Nikasema nilikuwapo.

Mwezi uliopita nimejifungua mie. Alikuja, akakaa karibu na mlango. Nikampelekea mtoto mwenyewe. Akaingiza mikono ndani ya kanga, akasema, "Mlaze tu kitandani, watu wasije wakakusema."

Sikulia. Hata sasa silii, sijui nina nini.

Nyinyi mnaobuni vitu vyenu, mkiletewa karatasi mkaulizwa kama mwenyewe ameridhia, nyanyukeni mkamuulize. Msimjibie. Mwanangu anatimiza arubaini wiki hii, na anaogeshwa na mtu baki.