Mafuta ya Njia ya Mkanda

Wifi yangu wa Kizingitini alipomzaa mtoto wake wa kwanza alivuja damu nusura tumkose, na daktari akamwambia wazi kwamba akibeba mimba tena asizalie mbali na chumba cha upasuaji. Akabeba tena. Chumba cha upasuaji kiko mjini Amu, yeye yuko kisiwani Pate, na baina yao kuna Mkanda, ile njia nyembamba ya maji na mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakijaa unapita humo upesi. Yakikupwa, hasa siku za bamvua yanapokwenda mbali kabisa, kunabaki tope tupu, na chombo hakina budi kuzunguka nje ya Manda, bahari kuu, kwa mafuta maradufu. Haya hayahitaji elimu. Mtoto wa chuo cha Kurani anayajua.

Kazi yangu mimi ni hifadhidata. Nilikuwa nimeajiriwa na idara iliyosimamia mashua za kubeba wagonjwa visiwani, na nikaambiwa niandike kitu ambacho wapokea simu kule Mokowe, upande wa bara, wakikifungua wataona, kwa kila kijiji, mashua gani itumwe, ipite wapi, ipewe mafuta kiasi gani. Mafuta ndiyo yaliyoleta yote haya. Yalikuwa yakiibwa, tusifichane, na mkuu wetu alikuwa amechoka kuibiwa. Akaamua nahodha asipewe hata tone zaidi ya yale yaliyoandikwa kwenye mfumo.

Kwa asiyeijua kazi hii, SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, inakupa njia mbili za kulifanya jambo kama hilo. Kuna view, yaani swali ulilokwisha kuliandika na kulipa jina. Kila atakayeifungua atapata jibu la swali hilo hilo, kama dirisha lililojengwa ukutani, ambalo huwezi kuligeuza litazame upande mwingine. Na kuna function yenye vigezo, ambayo haikupi kitu mpaka nawe uijibu: kijiji gani? Maji yamejaa au yamekupwa? Ukinyamaza, nayo inanyamaza. View ni nyepesi kuandika, na programu ya ripoti ya Mokowe iliweza kuionyesha moja kwa moja kama jedwali. Function ingetaka mtu atengeneze ukurasa wa kujazia majibu na awafunze wapokea simu kuutumia. Sina ugomvi na view. Nimeandika nyingi na zinanifaa. Lakini jibu linalobadilika asubuhi na jioni, kulifungia ndani ya view ni ujinga, na nilisema hivyo hivyo mkutanoni, wala sikupunguza sauti.

Mkuu wetu ni Mwamu wa ndani ya mji, amekulia gatini. Alicheka.

"Bi, wataka mashine iwaulize watu mai? Nani Amu asoyua mai?"

Wenzangu wakacheka naye. Nikamwambia wapokea simu hawayajui maji hayo: hawako Amu, wako Mokowe, na nusu yao wametoka mikoa ya bara juzi.

"Nahodha ayua," akasema. "Mashine kazi yake ni mafuta. Mai tumuwatie nahodha."

Maji tumwachie nahodha! Hapo nikapandwa na hasira. Nikamuuliza anayatenganisha vipi mafuta na maji, kama njia ni maji na mafuta ni njia. Akaniambia niandike view, na niteremshe sauti, hii ni ofisi. Nikaandika. Kwa Kizingitini iliwekwa njia ya Mkanda, kwa kuwa ndiyo fupi na ndiyo nafuu. Siku ile ile nikampigia simu kakangu nikamsihi amlete mkewe kwangu Amu mapema, akae mpaka ajifungue. Akasema watakuja mimba ikikaribia kutimia. Uchungu ukawatangulia.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, mikononi mwa mkunga wa pale pale kijijini. Kisha damu ikaanza kama mara ya kwanza, na haikutaka kukatika. Mkunga akapiga simu Mokowe. Mpokea simu akafungua view, akasoma mstari wa Kizingitini, akafanya kama alivyofunzwa, na mashua ikaondoka Amu na mafuta ya njia ya Mkanda. Ilikuwa bamvua. Nahodha aliniambia baadaye kwamba wakati wa kwenda aliwahi maji ya mwisho, mashua ikikwaruza chini, na akajua kurudi hakutakuwa na njia. Alipofika Kizingitini alitafuta petroli ya kumzungusha nje. Iliyokuwapo ilikuwa imeondoka na wavuvi. Akapiga simu Mokowe kuomba mashua nyingine ya idara, iliyoko Manda, impelekee mafuta, akajibiwa kwamba mfumo unaonyesha aliyonayo yanatosha. Jibu hilo limenikaa kichwani mpaka leo, na kila nikilikumbuka natamani kumpiga mtu, ila sijui nani.

Basi wakampakia wifi yangu wakaingia Mkanda, kwa kuwa kukaa kungemuua na hapakuwa na jingine la kufanya. Maji yakawaacha katikati. Kakangu na nahodha wakashuka wakasukuma, tope likawafika mapajani, mashua haikutikisika. Jua lilikuwa la utosini. Kakangu akavua shati akamtandia mkewe kivuli. Anasema mkewe alikuwa akiuliza neno moja tu, kama maji yanakuja.

"Mai yaya?"

"Yaya," akamjibu, naye aliona tope mpaka kwenye mikoko.

Alikufa kabla hayajaja. Yalipokuja yakawainua, hawakuendelea tena Amu. Waligeuza mashua wakamrudisha Kizingitini, akazikwa siku ile ile.

Nilikasirika, na sijapoa. Matangani watu walinishika mkono wakaniambia siku yake imefika. Siku ni ya Mungu, sina shaka na hilo, lakini mafuta tuliyapima sisi. Mkuu wetu naye alikuja, akakaa na wanaume, akalia kweli, machozi mpaka kwenye ndevu. Sikumwendea. Niliporudi kazini akaniita, akasema bila kunitazama, "Bi, iandike function yako." Hapakuwa na mkutano wala mtu wa kucheka. Ule ukurasa wa kujazia majibu, ambao tuliambiwa utatupotezea muda mwingi, ulikwisha kabla ya Ijumaa.

Baada ya arubaini kakangu alikuja Amu kununua maziwa ya kopo ya mtoto, akapitia ofisini kunisalimu. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Aliketi kando yangu akatazama skrini, akauliza kama hicho ndicho kitu kipya watu wanachokisema. Nilitaka kukifunga. Nikamwambia aache, twende nyumbani tukale.

"Iulize," akasema. "Kizingitini. Mai yamekupwa."

Nikajaza kijiji, nikajaza maji. Jibu likaja hapo hapo: mashua ya Manda, ipite nje, mafuta maradufu. Kakangu akausoma mstari ule, kisha akausoma tena polepole.

"Yaani ilikuwa ni kuuliza tu?"

Nikamwambia ndiyo, ilikuwa ni kuuliza tu. Akatikisa kichwa. Akauokota mfuko wake wa maziwa, akasema hatokula, akateremka gatini, maana maji yalikuwa yameanza kupwa.