Mbwa wetu haogopi makofi

Leo tumechagua mbwa wetu wa kwanza, na mpaka sasa sielewi tumeleta nini nyumbani.

Tulikuwa Kakoba, kwa mama mmoja anayeuza watoto wa mbwa.
Bwana yangu akapiga makofi kwa nguvu.
Wote wakakimbia.
Mmoja tu akabaki, anatuangalia.

"Sheri yangu, huyu haogopi kitu! Ndiye atalinda mbuzi zetu."

Yule mama akacheka: "Huyo hasikii, baba. Ni kiziwi tangu kuzaliwa."

Bwana akanigeukia. "Mulinzi asiyesikia?"
Lakini mimi nilikuwa nimeshamubeba, naye ameshalala mukononi.
"Tunaenda naye," nikasema.

Sasa tuko nyumbani, Nakivale. Pikipiki ikikaribia, anainuka na kubweka kabla sisi hatujaisikia.

Ninyi munaofuga mbwa, huyu anajuaje?