Mota Niliyomfungia Baba

Baba hakuniomba mota ya baiskeli. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeshajikuta mara kadhaa, nikiwa na wateja gerejini, nasimulia kana kwamba mzee alinikalisha akanisihi. Hakunisihi. Niliamua mwenyewe, nikaagiza mwenyewe, nikafunga mwenyewe, na siku ya kumkabidhi nilisimama pembeni nikisubiri kushukuriwa.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Karatu mjini. Magari ya watalii yanayoshuka kutoka Ngorongoro, vumbi limeingia mpaka ndani ya taa, ndiyo yananilisha. Ni kazi inayompa mtu kiburi. Gari haliwaki, madereva watatu wamelizunguka wakibishana, mimi nafika nashika waya mmoja tu, linawaka, wote wananiangalia. Mwanamke tena! Ukizoea kuangaliwa hivyo kwa miaka unaacha kuuliza maswali, kwa sababu majibu unayo tayari.

Baiskeli yenyewe aliiacha Mzungu mmoja aliyekuwa anasafiri nayo kutoka kusini kabisa mwa Afrika. Goti lilimshinda, tukamtafutia gari la kwenda Arusha, naye akaniachia chombo chake kwa hela ndogo. Ilikuwa na magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, na kiti cha kitambaa kilichokaa chini karibu na ardhi kama kiti cha uvivu. Pedali zilikuwa mbele kabisa, kwa hiyo mwendeshaji anaegemea nyuma, miguu ameinyoosha mbele, anakanyaga huku amelala nusu. Vijana wa gereji waliiita kitanda. Walipomaliza kupiga nayo picha, mimi nilikuwa nimeshamfikiria baba.

Baba alianguka kutoka juu ya trela la mahindi akaumia nyonga. Baiskeli ya kawaida hakuweza tena kuipanda, pikipiki ilimtonesha, na kutembea kwake kulikuwa hatua kumi na kupumzika. Karibu mwaka mzima alikaa nyumbani Endamarariek akihesabu kuku, yeye aliyekuwa hakosi kigangoni hata Jumapili moja. Nilipompelekea kile kitanda alikizunguka mara mbili. Kisha akakaa, akaegemea, akakanyaga kuzunguka uani. Kuku wakatawanyika, mama akashika mdomo, na baba akacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia siku nyingi. Jumapili iliyofuata alikwenda kusali peke yake.

Kigango kiko bondeni. Kwenda ni mteremko mtupu, kurudi ni mlima, tena wa udongo mwekundu unaoteleza. Mlima ule unapita kando ya nyumba ya jirani yetu, mzee wa rika la baba, na hapo lazima nieleze. Baba na jirani huyo walikuwa hawasemezani tangu mimi niko shule ya msingi. Waligombea mpaka wa shamba. Kila mmoja alidai mwenzake amesogeza jiwe, maneno yakawa makali, wazee wakaitwa, na baba akaapa mbele yao kwamba hatampa mtu yule salamu wala kumtazama usoni. Kwetu Wairaqw kiapo cha mbele ya wazee si maneno ya kilabuni. Tulipokutana naye njiani, baba aligeuza shingo akatazama mahindi ya watu mpaka yule bwana apite. Tulikua hivyo, tukaona ni jambo la kawaida.

Niliwahi kumuuliza baba mlima anaupandaje.

"Napanda tu, mama," alisema. Baba huniita mama tangu nikiwa mdogo. "Watu wa Mungu wapo."

Nikaishia hapo. Kuuliza si ujinga, tunafundishwa, lakini mimi niliuliza nusu.

Siku moja dereva mmoja, kijana mwenye mdomo, akaingia gerejini anacheka. "Fundi, nimemwona mshua wako jana kule Endamarariek. Anasukumwa mlimani kama toroli!" Wenzake wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, maana ningefanyaje, lakini moyoni niliwaka. Mimi ndiye mtu wa kuwasha magari ya watu, halafu baba yangu asukumwe kama gunia la mbolea? Sikumuuliza dereva ni nani aliyekuwa anasukuma. Ningeuliza, angeniambia ni mzee mmoja mwenye koti la kijivu, anasukuma kwa fimbo, na mimi ningelitambua koti lile hata nikiwa usingizini.

Alikuwa ni jirani yetu. Hili nimelijua baadaye mno. Jumapili ya kwanza baba alikwama katikati ya mlima, akafunga breki, akabaki ameegemea kiti anahema. Akasikia nyayo nyuma yake. Kisha baiskeli ikaanza kusogea. Yule bwana hakumshika wala hakumsalimia. Aliweka ncha ya fimbo yake kwenye bomba la nyuma ya kiti akasukuma, naye baba akakanyaga. Kwenye baiskeli ile mtu hawezi kugeuka akatazama nyuma hata akitaka. Kwa hiyo kiapo kilibaki kizima. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni, hakuna aliyetoa salamu, na wazee wawili walifika juu ya mlima. Jumapili ya pili ikawa hivyo hivyo. Mpaka mavuno yanaisha, yule bwana alikuwa akisikia tu mnyororo unalia kule chini, anachukua fimbo anatoka.

Mimi huku mjini nilikuwa naagiza mota.

Ni duara la chuma linalokaa katikati ya gurudumu la nyuma, badala ya kitovu cha kawaida. Ukikanyaga, kuna kifaa kwenye pedali kinachohisi, umeme unatoka kwenye betri, gurudumu linakusaidia. Ilipofika niliileta baiskeli gerejini; siku ya kwanza kuijaribu ekseli ilizunguka yenyewe kwenye tundu zake ikazisokota nyaya zote, nikatukana hadi mwenye duka la jirani akafunga dirisha. Nikachomelea mkono wa chuma wa kuizuia. Nikafanya kazi ile jioni tano, kwa raha ambayo naikumbuka mpaka leo na kuionea aibu. Kwenye bomba la nyuma ya kiti nilikuta mahali rangi imelika, duara dogo linalong'aa kama sarafu. Nikadhani ni mkwaruzo wa safari. Nikalipiga msasa, nikapaka rangi, na juu yake nikafunga kisanduku cha betri.

Nilimpelekea Jumamosi mchana. Baba alisikiliza maelezo yangu yote, swichi hii hapa, taa hii ikiwa nyekundu chaji imeisha, breki zikishikwa mota inajizima. Aliuliza swali moja tu.

"Na mlimani?"

"Mlimani ndiyo kwake, baba! Hutasukumwa tena na mtu."

Akaitazama ile betri muda mrefu. "Ni kazi nzuri, mama," akasema. Nikadhani amezidiwa na furaha. Nilirudi Karatu naimba.

Wiki zilizofuata nikipita nyumbani nilikuta betri karibu imejaa, imetumika kidogo tu. Nikampa maneno. Akasema alisahau kuiwasha. Jumapili nyingine mama akaninong'oneza kwamba baba anakaa muda mrefu chini ya mlima, ameizima mota, anasubiri sijui nini, halafu mwishowe anaiwasha anakuja. Mtu mwenye akili angeuliza anasubiri nini. Mimi nilifikiri mzee anaogopa umeme. Nikaja na bisibisi, nikaiondoa swichi, nikaunganisha nyaya moja kwa moja ili mota iamke yenyewe kila akikanyaga.

"Sasa hutasahau tena," nilimwambia, nikicheka.

Baba hakucheka. Alisema, "Haya, mama," akaingia ndani. Jambo hili la swichi ndilo linaloniuma kuliko yote. Mota naweza kuitetea, nilitenda wema kwa kutojua. Lakini swichi niliing'oa mbele ya macho ya mtu mzima aliyekuwa ameshanionyesha kwa kila njia, isipokuwa maneno, kwamba mota haitaki.

Mvua za masika zilipoanza jirani akaugua kifua. Hakukaa sana hospitali. Tulipata habari za msiba asubuhi, na baba akavaa koti lake jeusi bila kuambiwa na mtu, akapanda baiskeli, akaenda. Wakati wa kuaga mwili watu walipanga mstari. Baba alikaa kwenye baiskeli yake nje ya ua hadi mstari ukaisha, kisha akaomba fimbo ya kujikongojea, akaingia peke yake. Sijui alikaa ndani muda gani. Hakuna aliyemharakisha.

Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, tunachambua mchele. Mjane aliniita nje, nyuma ya zizi. Ni mama mtaratibu, hajawahi kunisemesha vibaya hata miaka ile ya ugomvi. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Mwanangu," alisema, "ile mota baba yako alikuambia umfungie?"

Nikamwambia hapana, ni mimi mwenyewe. Akafumba macho. Ndipo akanisimulia habari za fimbo na mlima, ambazo nilikuwa nazisikia kwa mara ya kwanza. Akaniambia kwamba Jumapili ya mwisho kabla ya mota, mume wake alirudi nyumbani amechangamka, akaomba chai, akasema amelitoa la moyoni. Amemwambia baba yangu, akiwa nyuma yake, kwamba lile jiwe la mpaka ni kweli alilisogeza. Baba hakujibu kitu siku ile. "Akaniambia, 'Mpe wiki. Jambo la miaka yote halijibiwi mlimani papo hapo.'"

Wiki ilipofika akatoka na fimbo yake kabla hata ya misa kuisha. Akasimama mahali pake. Na baba yangu akaja na baiskeli ina kisanduku cheusi, kiko pale pale fimbo ilipokuwa inakaa.

"Alirudi ndani akaiweka fimbo pembeni," mjane alisema. "Akasema, 'Nimejibiwa. Ameona ni bora anunue mashine kuliko kusukumwa na mimi.' Nikamwambia subiri, labda si hivyo. Hakutoka tena. Mara nyingine alisimama mlangoni akimwona baba yako amekaa kule chini, anasema, 'Tazama, ananionyesha mashine yake.' Halafu baadaye baba yako akawa hata hasimami kule chini. Alikuwa anapita tu."

Baba alikuwa hasimami kwa sababu niling'oa swichi. Mguu ukigusa pedali tu chombo kinaondoka; hata angesubiri, fimbo isingepata cha kusukuma. Niliinama pale nyuma ya zizi nikalia kwa sauti, na watu waliosikia walidhani namlilia marehemu. Na kweli nilikuwa namlilia.

Jioni nilimrudisha baba nyumbani polepole, yeye kwenye baiskeli, mimi natembea kando. Mvua ilikuwa imekatika. Tulipofika juu ya mlima alishika breki, nami nikasimama. Akaanza kuzungumza akitazama mbele, kama alivyokuwa amezoea mahali pale. Akanieleza yote ambayo nilikuwa nimeshaelezwa, nami nikasikiliza kana kwamba ni mapya. Kisha akasema ambayo mjane hakuyajua.

"Wiki ile nzima sikulala vizuri. Nilikuwa natafuta maneno. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi, mwaka ule ule, nililisogeza. Yeye alilisogeza kuja kwangu, mimi nikalisogeza zaidi kwenda kwake. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mama yako. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, niyaseme nikifika kwenye ule mti wa mwisho." Akafuta tope kwenye usukani. "Halafu hakuja."

Nilimwambia nitaitoa mota kesho asubuhi. Akatikisa kichwa.

"Iache tu, mama. Sasa nani atanisukuma?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni, moto kabisa, yale ya mjane. Baba alikuwa anavuta pindo la koti lake jeusi. Kwa mara ya kwanza siku ile akanigeukia, kadiri kiti kile kinavyomruhusu mtu kugeuka, akaniuliza:

"Unadhani alijua kwamba nilikuwa namsubiri?"

"Alijua, baba," nikamwambia. "Mkewe ameniambia leo. Alijua."

Akashusha pumzi, akaachia breki, na mota ikamchukua.