Sukari Iliyokuwa Ndani ya Mabua

Baba mdogo alirudi Nzuguni baada ya kiwanda cha umma alichokifanyia kazi kuuzwa na wafanyakazi kupunguzwa. Alikuja na sanduku la nguo, kopo la unga wa rangi ya kahawia, na kiburi ambacho hakikupunguzwa. Ndani ya kopo, alisema, mlikuwa na vimeng'enya vya kugeuza mabua ya mtama kuwa sukari. Biashara sasa ni huria, kila mtu auze anachoweza kutengeneza.

Mimi nilikuwa karani mjini, nikirudi nyumbani kila Jumamosi. Mama alimuuliza kama huo ni uchawi. Akamjibu kwa dharau kwamba hata yeye hutia kimea kwenye togwa, na uji mzito ukawa mwepesi na mtamu. Kazi ni ileile, ila bua ni gumu zaidi. Kwanza lilowekwe kwenye magadi lilegee, kisha lioshwe mpaka magadi yaishe. Ndipo unga utiwe na pipa lifunikwe lisipoteze joto.

Kwetu, mavuno yakishaingia ndani, shamba ni la ng'ombe wa wote. Hakuna anayeomba ruhusa. Mwaka ule Baba alilizungushia letu miiba, kwa kuwa mdogo wake alitaka kila bua. Jirani yetu, mwenye kundi kubwa, aliikuta miiba ile, akawageuza ng'ombe wake. Tangu siku hiyo hakuitikia salamu ya Baba. Kisimani, wanawake walikatisha mazungumzo Mama alipofika.

Siku ya kuosha mabua, baba mdogo alidai maji, tena mengi. Mama alikuwa ameyabeba kichwani kutoka mbali. Akasimama mbele ya mtungi.

"Shemeji, haya ni ya kunywa. Kajitekee."

Hakwenda. Mtu aliyewahi kuvaa koti jeupe la maabara kiwandani asingebeba ndoo mbele ya wanawake waliotununia. Aliyasuuza mabua juu juu kwa maji ya kuogea, akatia unga, akafunika. Alipofunua, hapakuwa na utamu wowote. Maji yalichoma ulimi. Magadi yaliyobaki yalikuwa yameviua vimeng'enya vyote, na yeye akasema aliyeviua ni Mama.

Tukabaki na ng'ombe wetu wawili wasio na malisho, kiangazi kizima mbele yetu, na lundo la mabua yaliyogandwa na magadi. Ng'ombe waliyanusa, wakaondoka.

Baba akaenda kwa jirani kuomba ng'ombe wetu walishwe pamoja na kundi lake, nami nikamfuata. Hatukupewa kiti. Jirani alisikiliza mpaka mwisho huku akichonga mpini wa jembe.

"Si mlisema mnatengeneza sukari?" akamwambia Baba. "Basi wapikieni chai."

Jirani akachonga kidogo tena, kisha akatoa masharti yake. Ng'ombe wetu watalala zizini kwake na maziwa yatakuwa yake. Na miiba ataiondoa aliyeiweka, mchana, watu wakiona.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Baba akiburuta matawi ya miiba peke yake. Alipomaliza, jirani alipitisha kundi lake katikati ya shamba letu, ambamo hamkuwa na kitu cha kula. Ng'ombe wetu wawili walikuwamo.

Baba mdogo alitazama akiwa mlangoni, akasema kilichokosekana ni maji tu. Mama akamwekea chai ya rangi. Hakutia sukari.