Kuku Mmoja wa Kudonolewa

Mimi si mtu wa huruma, na wanaonijua hapa Bariadi watakuthibitishia bila kuulizwa mara mbili. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia udhuru huko mbele. Habari yenyewe ni ya kuku.

Mama yangu aliletwa kwangu na kaka baada ya matanga ya baba. Walitoka Zagayu kwa pikipiki, kaka mbele, mama nyuma na fuko la nguo, na chini ya khanga, kwapani, kuku jike mmoja wa kienyeji. Alikuwa mweusi mwenye madoa meupe, na mguu wake wa kushoto ulipungukiwa kidole kilichokatwa na jembe alipokuwa kifaranga. Ng'ombe waligawanywa msibani, mbuzi wakaliwa msibani, na katika kuku wote wa mji wetu, yaani yale makazi yetu yote pamoja na vilivyomo, alibaki huyo.

"Nitakaa kwako mpaka huyu aangue," mama alisema kabla hata hajakaa. "Akiangua, narudi na vifaranga vyangu nikauanze mji upya."

"Karibu, mayu," nikamjibu. Mayu ni mama, kwa Kisukuma chetu. Nilidhani ni maneno ya mfiwa, yatapita.

Wiki mbili baadaye kaka alinipigia simu. Alikuwa ameezua mabati ya nyumba ya mama. Kuta za udongo zilianguka kwa mvua mbili tu, akalima pale pote na kupanda pamba. Shamba lake lilikuwa linapakana na kiwanja cha baba, na alikuwa amelitamani jambo hilo tangu mzee akiwa hai. "Usimwambie kwanza," alisema. Nikasema sawa. Kaka yangu hupenda kufanya mambo halafu wanawake ndio wayaeleze, na mimi hupenda kuahirisha. Tulielewana haraka sana.

Kwa hiyo siku ambayo kuku wa mama angeangua ilikuwa ndiyo siku yangu ya kufungua mdomo. Nilianza kumwangalia yule ndege kwa jicho baya.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani, na kutoka hapo naliona banda la kuku lote, maana nililijenga mwenyewe kwa wavu na mabanzi ubavuni mwa uwanja. Nililijenga la kuku ishirini, nikaweka kuku chotara arobaini na majogoo wawili. Wanaokuja kupima sare za watoto huondoka na trei ya mayai. Mume sina. Nyumba ni yangu, kuku ni wangu, na kauli ya mwisho pale ni yangu.

Mwanzoni kuku wa mama alilala jikoni na kushinda uwanjani. Akala mche wa kwanza wa mchicha wa jirani, jirani akaja. Akala wa pili, jirani akaja tena na mdomo wake. Siku hiyohiyo nilimkamata mbawa yule kuku, nikafungua mlango wa banda na kumtupa ndani.

"Hawamjui hao," mama alisema.

"Watajuana."

Kweli walijuana. Walianza na manyoya ya shingo, wakahamia mkiani, kisha mgongoni. Hawakuwa wakipigana naye. Mmoja alimkaribia taratibu, akachomoa unyoya, akaumeza, akaondoka zake kama mtu aliyeokota punje. Akaja mwingine. Kufikia mwisho wa wiki mgongo ulikuwa ngozi tupu, mwekundu, na damu ilipoonekana ndipo waliposhika kazi.

Nina kosa jingine la kueleza hapa. Dagaa wa Nassa walikuwa wamepanda bei, na nchi yetu ni ya pamba, mashudu yake yamejaa kila mahali. Kila mwenye ng'ombe huku anakuambia hakuna chakula kama mashudu, na mimi nimekua nikiyaona yakinenepesha ng'ombe. Nikaondoa dagaa kabisa kwenye chakula cha kuku, nikachanganya pumba na mashudu. Mama aliona gunia likishushwa.

"Haya ni ya ng'ombe, mayu," alisema. Na yeye huniita mayu, kwa heshima ya mama yake aliyenirithisha jina. "Kuku akikosa cha maana atamla mwenzake."

"Mama, huko kwenu kuku mliwapa nini zaidi ya makombo?"

Nilikuwa na wateja wawili barazani, wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka.

Tangu hapo mama alihamia bandani. Asubuhi, akishaitikia mwangaluka, salamu ya asubuhi, wa majirani, alichukua kigoda na fimbo akaketi nje ya wavu. Kila chotara aliyemsogelea kuku wake alipenyezewa fimbo ya mbavu. Alishinda hapo hadi jua kutua, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi yameganda kwenye wavu. Mimi niliwaambia wateja, "Nimepata askari, tena halipwi." Ulikuwa mzaha wangu wa kila siku. Mama aliusikia kila siku.

Mwishowe aliniomba kuku atolewe, nikamtoa. Tulimweka kwenye tenga jikoni, tukampaka mgongoni ile dawa ya zambarau ya vidonda. Siku ya pili nikaona mmoja wa mitetea yangu, anayetaga vizuri kuliko wote, amenyofolewa mkia. Siku ya tatu wakawa wawili, na mmoja alikuwa anavuja damu. Nilisimama pale nikiwa bado na utepe wa kupimia shingoni. Nikaenda jikoni, nikamtoa wa zambarau kwenye tenga, nikamrudisha.

Walimwendea wote. Wale wangu wawili waliachwa, na baada ya siku chache mikia yao ikaanza kuota.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuku arobaini wakipewa mmoja wa kumdonoa, wote arobaini wanatulia. Nikajua na la pili: kuku aliyechunwa vile hatagi, asiyetaga haatamii, na asiyeatamia haangui. Yote mawili niliyaona nikiwa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga, na sikushtuka. Nilijisikia nafuu, afadhali niseme hivyo hivyo.

"Mbona umemrudisha?" mama aliuliza.

"Bwana mifugo amesema asitengwe. Akikaa nje sana watamsahau, siku akirudi watamuua."

Bwana mifugo nilikuwa sijaongea naye tangu mwaka jana.

Lakini uongo wangu ulikuja na miguu yake. Wateja walianza kulalamika kwamba kiini cha yai kina rangi ya kijani, mmoja akarudisha trei nzima, nikaogopa ugonjwa na nikamwita bwana mifugo mwenyewe. Alifika mchana, kijana mpole mwenye buti za mpira. Akaangalia yai, akachota chakula kiganjani, akanusa, akaniambia,

"Mama, haya mashudu ya pamba ni ya ng'ombe. Kuku wako hawana protini ya maana, ndiyo maana wanakula manyoya. Rudisha dagaa. Na humu wamebanana mno, punguza nusu." Kisha akamwona wa zambarau, amejikunja pembeni, kichwa amekificha nyuma ya chombo cha maji. "Na huyu? Aliyechunika hivi hakai na wenzake hata saa moja. Mtoe leo leo."

Mama alikuwa palepale kwenye kigoda chake. Aligeuza uso akaniangalia, akamwangalia yule kijana, akarudi kuniangalia mimi. Angeweza kuniumbua kwa sentensi moja. Badala yake aliuliza, "Basi nimtoe?"

"Utamweka wapi? Jikoni ananya kila mahali. Kesho nitamtengenezea kibanda chake."

Dagaa nilinunua siku hiyohiyo, kwa sababu wa mayai ya kijani walikuwa kuku wangu. Kibanda kikawa cha kesho, kikawa cha kesho kutwa, kisha sare za shule zikanijia nyingi na nikapata kisingizio chenye adabu. Mama hakunikumbusha. Alirudi kwenye fimbo yake.

Jumapili alivaa gauni lake la ibada. Kanisani hakuwa amekwenda Jumapili tatu, kwa ajili ya ulinzi. Akaja barazani, akaiegemeza fimbo kwenye cherehani yangu.

"Nisaidie kumwangalia. Leo sitachelewa. Naona anachuchumaa, mayu. Nadhani atataga."

Nikasema sawa, kama nilivyomwambia kaka.

Nilikuwa nashona mikunjo ya sketi. Nilisikia kelele bandani, ile ya kuku wengi wanaokimbilia mahali pamoja, na sauti moja chini yao. Nilijua ni nini. Nilikuwa hatua kumi tu, fimbo imegusa goti langu. Nikasema nimalize mkunjo huu. Nikaumaliza, nikaanza mwingine. Hakuna aliyenishika, hakuna aliyenituma. Nilikaa mpaka kelele zikapungua zenyewe.

Nilipofika walikuwa wamemfungua nyuma, na mmoja anakimbia na utumbo mdomoni huku wenzake wanamfukuza. Kuku wa mama alikuwa hai. Alikuwa amesimama, jambo lililonikera, kwa sababu angekuwa amelala ningesema alijifia. Nikachukua kisu nikamaliza, kwani nyama ya kuku aliyekufa mwenyewe haipikwi kwetu. Hata katika hali ile akili yangu iliwaza sufuria.

Nilipompasua nilikuta vijiyai vimefuatana tumboni, kutoka punje hadi ukubwa wa ndimu, na mbele yao yai moja zima, ganda limeshakuwa gumu, tayari kutoka. Pamoja na yote waliyomfanyia, alikuwa amepona kiasi cha kutaga. Dagaa niliowanunua kwa ajili ya wangu ndio waliomponya.

Nilimchuna ngozi yote kwa sababu ya ile zambarau, nikampika na nyanya. Nikapanga la kusema: nimechinja mmoja wa kwangu, kukuondolea uchovu. Na wako ameibwa. Hapana, wako nimempeleka kwa bwana mifugo. Nilikuwa bado nachagua mama alipoingia uani. Alipita kwanza bandani, akasimama pale kidogo, kisha akaja akanawa mikono na kuketi.

Nilimpakulia ugali na nyama, na juu ya nyama nikaweka firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwenye mji. Miaka yote baba aliila yeye, na mama, aliyefuga na kuchinja na kupika, hakuionja hata siku moja. Nilitaka ajue namheshimu. Nilikuwa namhonga, hilo ndilo jina lake.

Mama alizamisha kijiko kwenye bakuli la mchuzi, akaibuka na mguu. Nyumbani miguu haitupwi, inapikwa na nyama, na mikono yangu iliitia sufuriani kwa mazoea bila kuniuliza. Ulikuwa wa kushoto. Mama alihesabu vidole kwa ncha ya kidole chake, akaurudisha bakulini polepole.

"Alitaga?" aliuliza.

"Yai lilikuwa tayari. Halikuwahi kutoka."

"Basi nitatafuta kuku mwingine. Nitaanza na mwingine, nikishafika nyumbani."

Sijui kwa nini hasira ilinipanda mimi, si yeye. Nadhani ni kwa sababu hakulia. Nikasema, kwa sauti ambayo jirani bila shaka aliisikia, "Nyumbani wapi? Kaka ameezua mabati, nyumba imeanguka, kuna pamba tu pale! Unarudi kukaa kwenye pamba?"

Aliendelea kuniangalia, mikono yake juu ya magoti.

"Pamba imefika wapi?"

"Mpaka mlangoni."

"Mlangoni kwa nje, au kwa ndani?"

"Mlango haupo, mama."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia asiyoijua na anataka kuishika vizuri. Kisha akaichukua ile firigisi kwa vidole viwili, akanyoosha mkono juu ya meza na kuiweka kwenye sahani yangu.

"Kula wewe," alisema. "Mwenye mji ni wewe."

Aliketi akisubiri, mgongo wima, bila kugusa chakula chake, kama alivyokuwa akimsubiri baba aanze. Nikaitia mdomoni na kuitafuna yote, naye akiniangalia mpaka nilipomeza.