Mvua Ikinyesha, Chomoa

Enzi zetu kompyuta ilikuwa na mgongo, na sisi watoto wa Lozells, mtaa wa Birmingham huku Uingereza, tuliujua mgongo huo kuliko uso wake. Nayasema haya kwa sababu wanangu hunicheka nikichomoa nyaya mvua inaponyesha, na mimi siombi radhi.

Nalikumbuka sanduku lile la rangi ya maziwa, ambalo sote tuliliita sipiyu, limekaa chini ya meza sebuleni na kufunikwa kitambaa alichofuma Mama. Mbele lilikuwa na kitufe kikubwa cha kuwashia, kitufe kidogo tulichokatazwa kugusa kwa kuwa kililizima na kuliwasha upya bila kuuliza mtu, na taa mbili. Ya kijani ilisema liko macho. Ya rangi ya chungwa ilipepesa likiwa linasoma au kuandika kitu ndani, huku likikoroma kama friji kuukuu.

Sasa, Mama alikulia Kakamega, na kule radi si hadithi. Aliiona kwa macho yake televisheni ya baba yake ikitoa moshi. Kwa hiyo sheria ya nyumba ilikuwa moja: mvua ikinyesha, chomoa. Si kuzima stima ukutani tu. Kila waya, hadi ule wa simu uliotuletea intaneti. Na hii ni Birmingham, jamani. Mvua ilitutembelea kama jirani asiye na kazi.

"Mama Rose, mvua ya huku haina radi," Baba alizoea kusema, akimwita kwa jina langu.

"Hata ile ya kwetu haikutoa taarifa," Mama alimjibu.

Basi tukachomoa na kuchomeka, tumelala kifudifudi kwenye zulia, harufu ya sukuma wiki ikitoka jikoni. Kibodi ilikwenda tundu la zambarau, kipanya la kijani. Spika nazo zilikuwa na kijani chao, kitundu chembamba, na hapo wageni walipotea. Waya wa skrini ulikuwa na kichwa cha bluu na skrubu mbili. Ukipinda pini yake moja, kila mtu kwenye picha anageuka manjano. Tundu bapa la USB lilikataa, ukageuza waya likakataa tena, ukaurudisha ulivyokuwa mwanzo likakubali. Vijana wa leo, chaja ikiwa chumba cha pili wanaona wameonewa.

Jumapili moja kaka yangu Felix alikuwa akiandika insha ya kuombea nafasi chuoni, iliyotakiwa kesho yake asubuhi. Alianza tulipotoka kanisani na hakuwa amehifadhi hata neno. Mbingu zikanguruma, kweli zikanguruma. Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga, akaenda moja kwa moja ukutani.

"Mum, no, sija-save," Felix akasema.

"Sijui save. Najua radi."

Nilikuwa chini ya meza, nikamshika gauni. "Mama, ngoja taa. Anahifadhi sasa hivi. Ile ya chungwa ikipepesa, bado inaandika. Ikitulia, chomoa."

Akainama kuitazama, mkono ukiwa kwenye plagi. Mwanga ukapita dirishani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, maana sikujua nipoteze kipi, insha ya Felix au imani ya Mama. Taa ikapepesa, ikapepesa tena, ikatulia.

"Imenyamaza," Mama akasema, akavuta.

Felix alipata nafasi yake. Mtaa mzima hakikuungua kitu, na Baba alicheka wiki nzima. Mama alimwambia hakikuungua kwa sababu alichomoa.

Leo Mama amelala kaburini Kakamega, na ninamkumbuka hasa siku za mvua, yaani karibu kila siku. Vifaa vya wanangu vina tundu moja tu, na havina mgongo wa kupapasa. Wataalamu wameshanieleza kwamba sina haja ya kuhangaika. Nimewasikia, na ninachomoa.

Juzi nilikuwa juu chumbani mvua ilipoanza kugonga kioo. Mwanangu wa mwisho, anayesikia Kiswahili lakini hujibu Kiingereza tu, akapaza sauti kutoka sebuleni.

"Mum, it's raining. Shall I chomoa?"

Nikatoka hadi juu ya ngazi.

"Kila waya, mwanangu," nikamjibu.