Nilivyompitisha bibi wa Mutsamudu mlango wa VIP, najuta hadi leo

Wakuu, salaam. Nimeona watu humu wanazilalamikia tiketi za kuruka foleni, na mimi nitoe langu. Hii siyo chai, nilikuwepo mwenyewe.

Miaka ile kisiwa cha Nzwani kimejitenga na Komoro, nilikuwa fundi umeme wa kampuni ndogo ya bembea iliyozunguka miji. Bosi Mmombasa. Mali zetu: bembea tatu, na kigari cha reli kinachopita kwenye handaki la giza.

Tulianzia Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani. Hali ikachafuka, tukapakia vyombo bandarini tukahamia Moroni, kisiwa kingine.

Tuliondoka na mchoraji mmoja wa Mutsamudu, kwa kazi ya wiki moja tu. Meli zikasimama, akakwama na sisi.

Foleni ya kigari ilikuwa ndefu, watu wanachoka. Bosi akamwambia awachoree kitu. Jamaa akazungushia mbao za plaiwudi njia yote ya foleni, akachora vichochoro vya kwao. Milango ya nakshi, ngazi, wanawake barazani, mpaka paka. Ukipanga foleni ni kama unatembea Mutsamudu. Hata mimi niliyetoka kule juzi nilishangaa.

Watu wakafurika. Ndipo bosi akaleta tiketi ya VIP: mlango wa pembeni, moja kwa moja kwenye kigari.

Foleni ya kawaida ikaganda.

Watu waliozoea kusogea wakiangalia picha, sasa wanasimama nusu saa mahali pamoja wanatukana. Wengine wakawa wanakwaruza majina yao kwa misumari.

Humo alikuwemo bibi mmoja, Koko Zaina. Koko ndio bibi kwao. Alitoka Mutsamudu kuja harusini, naye akakwama. Kiswahili alikijua, aliwahi kuishi Unguja. Kila siku baada ya alasiri utamkuta kwenye foleni.

Nikamwonea huruma. Siku moja nikamfuata.

"Kwezi, koko."

"Mbona, mwanangu."

Ndivyo wanavyowaamkia wakubwa kule. Nikamshika mkono, nikampitisha VIP bure, nikamfunga mkanda mwenyewe. Nilijiona mtu wa maana kweli.

Dakika tatu akatoka, leso imemwenda upande, akanijia juu.

"Umenipitisha wapi wewe? Mimi gari lako silitaki. Nimekuja kupanga foleni!"

Ndipo akanieleza. Binti yake alibaki Mutsamudu, mjamzito. Simu haziendi. Yule mchoraji alikuwa jirani yao, na kwenye zile mbao alichora mlango wa nyumba yao, binti kakaa barazani. Bibi alikuwa ananunua tiketi ili afike pale amsalimie mwanawe. Akifika mwisho anageuka, hapandi.

Nikamwomba radhi. Kwa kuwa tulikuwa tunafunga kazi, nikamwambia aje kesho.

Asubuhi yake bosi akataka mlango wa VIP upanuliwe, mbao zote zitoke.

"Hakuna mtu anayelipa ili asimame," alisema.

Nilijua ule mlango wa kuchorwa ulipo. Nilimjua na mwenyewe. Lakini niliogopa kibarua kuota nyasi, nikafungua mbao moja baada ya nyingine.

Alasiri Koko Zaina akaja na tiketi yake. Akasimama katikati ya vyuma vitupu, akaniangalia.

"Hata huku njia mmefunga?"

Nilikimbia mpaka soko la Volo Volo, bosi alikokwisha kuziuza zile mbao. Ule mlango niliukuta umekatwa vipande viwili, umekuwa meza ya samaki. Niliporudi Koko alikuwa ameondoka, na hakuja tena. Kama binti alijifungua salama sijui.

Nilichojifunza: kabla hujamfupishia mtu safari, muulize anakwenda wapi. Mimi nilimhurumia bila kumuuliza, halafu nilipojua nikaogopa.

Mnaotaka kunisema, nisemeni, nitasoma zote. Ila mtu ajibu kwa ukweli: ungekuwa wewe, una familia inakutegemea, ungezifungua zile mbao au ungegoma?